Maji Yanayowatosha

Mkasa huu sipendi kuusimulia, na nyinyi mnajua sipendi, ndiyo maana kila tukikaa pamoja lazima mmoja wenu aseme "tuambie ile ya bata," halafu wote mnanyamaza na kunikodolea macho. Haya. Afadhali niuseme mwenyewe kuliko usemwe na Mama Kilonzo, ambaye huongeza chumvi mpaka msikilizaji anafikiri nilikutwa uchi. Sikuwa uchi. Shati lilikuwa wazi tu, na suruali ilikuwa imelowa upande wa nyuma, na kama mnataka kucheka basi chekeni sasa mmalize mapema.

Ilikuwa miaka ya themanini, hapa hapa Matiliku, wakati nilikuwa na cherehani moja, nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje lisilokuwa na dirisha. Mke wangu Ndunge alikuwa katika kikundi cha akina mama wa kanisa, wale waliokuwa wakichimbiana matuta ya shamba kwa zamu, na kikundi kilikuwa kinatafuta mradi. Mama Kilonzo, mwenyekiti, alitaka kuku. Ndunge akasimama mbele ya wote akasema bata. Walimcheka sana (bata, katika nchi ambayo mtu anaamka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa mto apate maji ya chai), lakini Ndunge hakuketi, akasema bata hafi ovyo kama kuku ugonjwa ukipita, anajitafutia wadudu, na maji anayohitaji si ya kuogelea, ni ya kunywa tu, mradi ujue namna ya kumpa. Wakamwambia basi angua wachache, tutakuja kuwaona, tukiona wanaishi tutaamua. Mnaelewa? Heshima yote ya mke wangu katika kikundi kile ilikuwa juu ya migongo ya vifaranga.

Mayai aliyapata, akamlalisha kuku wetu mmoja juu yake, wakatoka vifaranga kumi na wawili, kama mitume. Yule kuku alipoiona ile midomo mipana akawakana wote, akawa anawadonoa, ikabidi tumfunge kamba mguuni nje karibu na ghala. Vifaranga wakahamia jikoni kwenye bruda, yaani sanduku la mbao lenye maranda, karibu na mafiga ili wapate joto la moto. Ndunge akachukua mkebe wa mafuta ya kupikia, akautoboa karibu na ukingo, akaujaza maji, akaupindua juu ya sahani, maji yakawa yanatoka kidogo kidogo kadiri wanavyokunywa. Kwenye sahani akapanga vijiwe. Alinifundisha mpaka nikaijua kama mstari wa kukariri wa Jumapili: maji yafike puani, yasifike kifuani. Yasipofika puani chakula kikavu kinamziba pua na anasakamwa. Yakifika kifuani atajitosa humo, na kwa kuwa hakulelewa na mama bata wa kumpaka mafuta yake, manyoya yanalowa kama kitambaa, anashikwa na baridi, anakufa. Yote hayo niliyajua. Naomba mkumbuke kwamba niliyajua, kwa sababu mbele huko mtafikiri mimi ni mjinga wa kawaida.

Sasa wiki ile ile ambayo kikundi kilikuwa kije kuwaona vifaranga, mama yake Ndunge akaja kututembelea kutoka Kyuso. Na hapa Njoroge usikilize vizuri, maana kwenu Murang'a sijui mnaishije na wakwe zenu, lakini kwetu Ukambani kuna kitu kinaitwa nthoni. Nthoni ni aibu, lakini pia ni heshima, hatujawahi kuvitenganisha. Mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Humshiki mkono, huli naye, huingii mahali alipoketi, mkikutana njiani mmoja anapita kichakani. Na kuna maneno hutayataja akisikia: hutaji kitanda, hutaji kuvua nguo, hutaji kuoga. Mnaweza kuuliza, si nyinyi mmeokoka? Ndiyo, tumeokoka sote, mimi na yeye. Nthoni yetu ndiyo ilikuwa haijaokoka.

Siku ya wageni yenyewe, asubuhi, Ndunge akawa anatayarisha punda aende mtoni kuchota maji, na akina mama walikuwa wafike mchana. Akasema ngoja kwanza nimwonyeshe mama namna ya kuwapa vifaranga maji, maana atashinda jikoni akichambua ndengu. Ilikuwa kazi ndogo sana. Lakini mimi nilikuwa kwenye cherehani, nimejaa sare za shule za watu, na nilikuwa nataka kuonekana mume wa maana, nikamwambia, "Wewe nenda usichelewe. Mimi niko. Mama nitamwambia." Hilo ndilo kosa. Mengine yote yalikuja yenyewe kama mbuzi wanaofuata yule wa mbele.

Ndunge akaenda. Mama mkwe akaingia jikoni, akaketi chini, akanyoosha miguu, akaanza ndengu zake. Najua aliinyoosha kwa sababu nilipita mara moja mlangoni nikaziona nyayo, tena nikarudi mbio kwenye cherehani kama niliyemwona nyoka. Nikashona. Baada ya muda nikasikia vifaranga wanaanza kulia. Kwanza mmoja, halafu watatu, halafu mitume wote, kile kilio chembamba kisichokoma, nikajua sahani imekauka. Kifaranga wa bata anapenda kuchezea maji kuliko kunywa, na walikuwa wamekwisha kuyamwaga kwenye maranda.

Nikatoka nikasimama nyuma ya ghala, karibu na yule kuku aliyefungwa kamba. Kwetu, kama huna mtu wa kati wa kukupelekea neno kwa mkwe, unaweza kumwambia mnyama, mradi mkwe asikie. Nikakohoa. Nikasema kwa sauti, "Kuku, mwambie mama aliye jikoni kwamba wale watoto wanataka maji."

Halafu sauti yake ikatoka ndani, ya heshima kabisa. "Kuku, mwambie Baba Mwende, ni maji ya namna gani?"

Swali zuri. Swali zuri kuliko maswali yote aliyowahi kuniuliza. Jibu lilikuwa hapa kwenye ulimi: ya kunywa tu, yafike puani, wasioge. Lakini nilipofika kwenye wasioge, ulimi ukagoma. Nitamtajia mama mkwe kuoga? Mimi, Mkamba mzima? Nikajaribu kuzunguka. Nikafikiria wasijimwagie, lakini hilo nalo ni kuoga tu. Nikafikiria yasifike kifuani, nikashtuka zaidi, maana utamtajiaje mama mkwe kifua? Nikasimama pale jasho likinitoka ingawa ulikuwa mwezi wa saba, na nyinyi mnaijua Matiliku ya mwezi wa saba, mawingu na baridi siku nzima. Yule kuku ananitazama. Mwishowe nikachagua neno safi, lenye adabu, lisilo na mwili ndani yake.

"Kuku, mwambie mama awape yanayowatosha."

Nikarudi kwenye cherehani nimefurahi kabisa, nikijisifu kwamba mimi nina hekima ya maneno.

Lakini fikirini nilimwambia nani. Huyu ni mama wa Kyuso. Kwao maji hufuatwa mbali kiasi kwamba kumnyima kiumbe maji ni kama kumnyima maziwa mtoto, na mgeni akifika hupewa maji hata kabla ya kuulizwa ametoka wapi. Mtu kama huyo ukimwambia yanayomtosha bata, na bata kila mtu amesikia ni ndege wa majini, atampa kiasi gani? Alichukua karai, lile kubwa ninalolowekea vitambaa, akamimina mtungi mzima wa maji yaliyokuwa yamewekwa kwa chai ya wageni, akawatia humo mmoja mmoja kwa mikono yake.

Kilio kikakoma palepale. Nikasikia vishindo vidogo vya maji, nikadhani ni mawazo yangu tu. Mama mkwe akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya furaha. Nikapiga mshono mrefu ulionyooka vizuri, nikawaza, kumbe kuishi na mkwe si vigumu, ni kuchagua maneno.

Baada ya muda wimbo ukakoma. Sauti ikatoka. "Kuku, mwambie Baba Mwende, watoto wametulia."

Nikajibu, "Kuku, mwambie mama asante."

Nikashona suruali nyingine. Sauti ikatoka tena, safari hii ya chini. "Kuku, mwambie Baba Mwende, wametulia sana."

Hapo nikasimamisha gurudumu kwa mkono. Nikawaza, kutulia ni kutulia, kutulia sana ndio kufanya nini? Nikiwa bado nawaza, sauti ikaja mara ya tatu, na haikumtaja kuku tena. "Wengine wamegeuza matumbo juu."

Niliruka, kiti kikaanguka huko. Nilipofika mlangoni nikakumbuka nthoni, nikasimama. Ndani kuna mama mkwe ameketi. Ndani pia kuna bata wanaokufa, na njiani kuna akina mama wa kanisa wanakuja kuamua kama mke wangu ni mtu wa akili au wa kuchekwa. Nikaona kuna njia moja tu ya kuingia bila kumwona mama, nikageuka, nikaingia kinyumenyume. Yeye naye, aliposikia hatua zangu, alikuwa amejifunika leso kichwani na kugeukia ukuta, kwa hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja mle ndani aliyekuwa anatazama karai lilipo. Mimi nililiona kwa makalio. Nilikaa ndani yake, barabara kabisa, kama niliyekaribishwa kiti, maji yakaruka pande zote, yakaenda moja kwa moja kwenye mafiga, na moto ukazimika na kutoa moshi mweupe.

(Ndiyo, kibiriti kilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Msiniulize.)

Nikainuka nikawaokota. Nimeshika vitu vingi vya huzuni maishani lakini kifaranga wa bata aliyelowa ni huzuni nyingine, hana uzito, shingo inaning'inia, manyoya yote yamemshika mwilini mpaka unaona alivyo mdogo. Niliogopa. Sikuwaza tena habari ya kuchekwa mimi, nilimwona Ndunge tu, alivyosimama mbele ya wale wanawake akasema bata. Jua hakuna, moto hakuna, kuku amewakana. Nikafungua vifungo vya shati nikaanza kuwatia ndani, kwenye ngozi ya tumbo, mmoja baada ya mwingine, na baridi yao ilinifanya nipige kelele ambazo si za mwanamume. Shati likajaa. Wengine bado wako mikononi, sina pa kuwaweka.

Mama mkwe, bado anatazama ukuta, akanyoosha mkono wake nyuma. "Lete hapa," akasema. Hakumwambia kuku. Aliniambia mimi.

Nikampa, akawatia ndani ya leso, kifuani pake. Jiko lilikuwa dogo, na sakafu sasa ni matope isipokuwa sehemu moja kavu, ikabidi tuketi hapo wote wawili, yeye anatazama ukuta wa mashariki na mimi wa magharibi, na kwa sababu nafasi haikutosha, migongo ikagusana. Mgongo wangu na mgongo wa mama yake mke wangu. Sikuthubutu kuvuta pumzi vizuri. Nilikuwa naomba Mungu vifaranga wapate joto haraka, na nilipomaliza hilo nikaomba wageni wachelewe.

Ombi la pili halikufika. Walikutana na Ndunge njiani akirudi na punda, wakaja wote pamoja wakiimba, na Mama Kilonzo, ambaye tangu azaliwe hajawahi kungoja kukaribishwa, akainama akaingiza kichwa jikoni. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Vichwa vingine vikajazana nyuma yake. Walichokiona ni mimi, fundi wa cherehani, mzee wa kamati ya kanisa, kifua wazi, suruali inachuruzika, nimemwegemea mama mkwe gizani kwenye moshi, na yeye leso imelegea ameikumbatia kwa mikono miwili.

Halafu kifaranga mmoja akapata nguvu, akapanda, akatoa kichwa kwenye ukosi wa shati langu, chini ya kidevu, akawaangalia.

Walianza kucheka kutoka nyuma. Mama Kilonzo alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Mmoja akakimbilia uani, nikamsikia akimweleza punda. Lakini Ndunge hakucheka. Alipita katikati yao, akapiga magoti kwenye matope, akawatoa vifaranga mmoja mmoja kwangu, akawatoa kwa mama yake, akawaweka kwenye leso yake kavu. Kumi walikuwa wanatikisika. Wawili aliwashika kwa muda mrefu zaidi, akawapulizia, akawasugua kwa kidole, kisha akawaweka kando. Hakunitazama. Iliniuma, jamani, nawaambia ukweli, ningependa anitukane.

Na Mama Kilonzo, akijifuta machozi ya kicheko, akasema kwa sauti ya upole ile inayochoma, "Haya Ndunge, tumeona. Si kila ndege ni wa Ukambani. Tutaandika kuku."

Ndunge akainamisha kichwa. Nilifungua mdomo nimtetee, nikakuta sina neno, kwa kuwa neno lenyewe la kumtetea lilikuwa lilelile lililonishinda asubuhi. Ndipo mama mkwe alipojifunga leso vizuri, akasimama, akageuka akatutazama sote, mimi nikiwemo, usoni.

"Bata hawana makosa, na mtoto wangu hana makosa," akasema. "Huyu mkwe aliniambia niwape yanayowatosha. Mimi nilitaka kumuuliza kama hawa watoto huoga au hunywa tu. Nilikuwa nalo hilo swali mdomoni. Lakini nitamuulizaje mkwe mambo ya kuoga? Yeye aliona aibu kusema, mimi nikaona aibu kuuliza, na hawa wasiojua aibu ndio wamekufa."

Kicheko kikaisha. Wale wanawake kila mmoja alikuwa na mkwe nyumbani, au alikuwa mkwe wa mtu, na niliwaona wakiangalia chini mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimekodolea macho ukuta kana kwamba umeandikwa kitu. Kumbe tulikuwa tumesimama pande mbili za ukuta mmoja tunaogopa neno moja.

Mama Kilonzo alikaa kimya, jambo ambalo hatujaliona tena tangu siku ile. Halafu akaketi juu ya gogo la kuni akasema, "Basi Ndunge, tuonyeshe. Hayo maji huwa kiasi gani?"

Ndunge akachukua sahani, akapanga vijiwe, akamimina maji aliyokuja nayo kutoka mtoni, akatumbukiza kidole kuwaonyesha: hapa puani, na hapa kifuani, katikati ya hapa na hapa ndipo bata anaishi. Akamweka mmoja wa wale kumi mbele ya sahani. Kifaranga akakataa kwanza, akatikisa kichwa, kisha akazamisha mdomo mpaka puani, akainua, akazamisha tena. Kikundi kikakubali bata. Walisema wenyewe kwamba mtu anayeweza kufufua mradi baada ya kukaliwa na mumewe, huyo anajua kazi.

Kwa hiyo Ndunge hakuaibika. Aliyeaibika ni yule mnayemjua. Wazee wa upande wao walisikia habari ya migongo, wakasema nthoni imevunjwa, lazima mbuzi. Mchungaji akasema hayo ni mambo ya kale, waliookoka hawatoi mbuzi. Mama mkwe akasema hakuna anayemtoa, atachinjwa tu aliwe, na mchungaji akakaribishwa, akaja, akala. Na Ndunge alipokuwa akifundisha vikundi vingine, hadi huko Makindu, somo lake la maji lilianza namna moja tu: "Mume wangu alimwambia mama yangu hivi." Siku moja niko Makindu nanunua vifungo, mwanamke nisiyemjua akanitazama suruali upande wa nyuma, akatabasamu. Nikalipa vifungo nikaondoka. Nilijua.

Lakini nimejifunza. Mama mkwe na mimi tuliendelea kuheshimiana mpaka alipofariki, hatukula pamoja, hatukushikana mikono, tulipishana njiani kama inavyotakiwa. Ila kila alipokuja kutoka Kyuso, kabla hata hajaweka mzigo chini, alikuwa akisimama upande wa pili wa ghala anaita kwa sauti, bila kuku, bila mbuzi, majirani wote wakisikia, "Baba Mwende, hao bata wameoga?" Nami nilikuwa naacha cherehani nasimama kabisa ndipo nijibu, "Hapana mama, hawajaoga, wamekunywa tu." Hilo ndilo neno moja tulilolitoa kwenye nthoni, maana lilikuwa limeua wawili. Mengine tuliyaacha mahali pake, na mimi niliapa, na bado naapa mbele yenu, kwamba sitaingia jikoni kinyumenyume tena hata nyumba ikiwa inaungua.